Njiti Saba za Kiberiti

Nakumbuka asubuhi moja hapo mtaa wa Mowlem, mwanangu, na kila nikiikumbuka mkono huu wa kulia unakuwa baridi kama wa maiti. Mkono ndio ulikosea. Mdomo ulifuata tu.

Ilikuwa miaka ya tisini, mimi kijana. Shule niliiacha darasa la tatu, ama shule ndiyo iliniacha, tulichokana. Lakini nguzo ya simu nilikuwa naipanda haraka mpaka kunguru wananiuliza njia. Nilifanya kazi na fundi mmoja Mkamba, Mzee Mutisya, kwa kakampuni kadogo ka kutunza laini za simu huku Eastlands. Kalishakufa, usikatafute.

Sasa sikiza, si ngumu. Simu za Mowlem zilikuwa zinapitia kebo kubwa. Hiyo ikikatwa, kuna kidude ndani ya sanduku la laini kinarusha maongezi kwa kebo ya akiba, chenyewe, bila mtu kukigusa. Watu wakaanza kulia: wakati wa kuruka, simu haikatiki, lakini maneno yanapotea. Unaongea, unamezwa.

Mzee hakuwa na mashini ya kupima. Alikuwa na mdomo. Yeye alikaa kwa sanduku la Donholm, mtaa wa pili, mimi la Mowlem na simu kwa sikio. Akahesabu moja mpaka thelathini, pole pole, kama mtu anahesabu mbuzi zake. Akifika kumi anachomoa kebo kubwa. Kila namba nikisikia naweka chini njiti moja ya kiberiti, kwa sababu mimi na kalamu hatukuwa tunasalimiana. Tulipomaliza, njiti zilikuwa ishirini na tatu.

"Saba zimemezwa!" Mzee akasema kwa simu. "Hapo mtu anaweza kuzaliwa, aoe, na mahari asimalize."

Akasafisha kile kidude, akabadilisha waya. "Wekesa, tunarudia. Usinisikizie kama laini inalia. Hata mbuzi anajua kulia. Nisikizie kile hakijafika."

Hapo ndipo shetani alipika madondo. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mama anapika chapati na hayo madondo, maharagwe yenye mchuzi mzito, na harufu yake, haki, ingemtoa mtu hospitali akimbie na dripu. Nikaacha simu ikining'inia. Mzee akahesabia hewa, mwanaume mzima, moja mpaka thelathini. Nikarudi na mafuta kwa kidevu, nikapanga njiti thelathini kwa mkono wangu huu.

"Ngapi?"

"Thelathini, Mzee! Zingine zimekuja hata na wageni."

Akacheka. Akafunga sanduku.

Sasa, Mzee alikuwa na binti mmoja, Ndinda. Huyu aliolewa Busia na kijana wa kiwanda bila kumuuliza baba, na Mzee akaapa hataki kusikia sauti yake. Miaka tatu. Lakini nilimuona mimi: saa ya kula, akijisahau, alikuwa anakata chapati yake mara mbili, nusu anaisukuma upande hakuna mtu.

Miezi miwili baadaye tulikuwa kwa duka moja Mowlem, chai ya saa nne. Mwenye duka akaita: "Mzee Mutisya, simu! Anasema ni Ndinda, kutoka Busia."

Mzee aliinuka mpaka stuli ikaanguka.

"Haloo? Ndinda?" Akasikiza kidogo. Uso wake ukaanza kufunguka kama mlango wenye kutu. Halafu ukasimama. "Mama, ongea. Ongea basi. Mimi nilikusamehe zamani, unanisikia? Kuja nyumbani. Ndinda?"

Akangoja. Akarudisha simu chini taratibu, kama ni yai.

"Amekata."

"Labda ni laini, Mzee," mwenye duka akasema.

"Laini iko sawa. Huyu kijana aliipima."

Chai haikuwa imepoa tukaitwa: wachimba mtaro wamekata kebo kubwa sasa hivi, kando ya barabara ya Outer Ring. Tukafika, Mzee akaitazama ile kebo imepasuka, akanitazama mimi.

"Siku ile, Wekesa. Zilikuwa thelathini?"

Mwanangu, Mungu alinifungulia mlango, akaushika na mguu usijifunge. Nilikuwa tu niseme hapana.

"Thelathini, Mzee."

"Basi ni yeye mwenyewe alikata," akasema. Akainama akaanza kuunga waya.

Hakupiga simu. Hakuenda Busia. Kifua kilimmaliza kabla mwaka kuisha.

Tulimzika kwao Ukambani. Ndinda alikuja na mtoto mgongoni, akasimama mbali na watu. Nikamfuata. Akaniambia hajui kwa nini amekuja, kwa sababu baba alimkataa. "Nilimwambia, Baba, nisamehe. Akanyamaza. Nikangoja. Nikaona ni aibu tu, nikaweka simu chini."

Nikamwambia yote. Madondo, njiti, na yale maneno baba yake aliongelesha ukuta wa duka. Akashika mti.

"Hiyo kimya ilikuwa refu kiasi gani?"

Nikatoa kiberiti. Nikamhesabia kwa kiganja, pole pole vile Mzee alikuwa anahesabu, njiti moja moja. Saba.

Akaziangalia.

"Hii tu?"

Hakunitukana. Angenitukana ningemshukuru. Alifunga mkono, akaenda akazitupa kaburini pamoja na udongo wake.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilitoka Mowlem ikafika Ukambani, na bado naitembea.

Kwa hivyo, mwanangu, ukipewa kazi ya kusikiza, sikiza. Usihesabu kile hukusikia. Na ukishadanganya, rudi siku hiyo hiyo useme, hata sauti ikitetemeka. Mzee wangu angenizaba kofi moja, halafu angepanda basi ya Busia. Na wewe ukimpigia mtu wako akanyamaza, usiseme amekukataa. Piga tena. Piga mpaka akutukane, hapo utajua anakusikia.

Mungu akupe sikio la kusikia kile hakijafika. Na siku ukisema nisamehe, au nimekusamehe, neno lako lifike lote, moja mpaka thelathini, lisimezwe hata moja.