Waliofunga Ili Nivuke Atlantiki

Nilimdanganya shangazi yangu wa Buffalo kwamba navuka Atlantiki. Nilipanda katamarani, ile mashua pacha ya tanga, iliyoegeshwa uani kwa jirani yetu hapa Louisville, nikajipiga picha nikamtumia: "Shangazi, niombee. Wiki tatu baharini! Mama asijue, ana presha."

Nilidhani atacheka. Kumbe alilifungisha kanisa zima: hakuna kula mchana mpaka nifike nchi kavu.

Mimi nikasahau. Jumapili mama akanipeleka Buffalo kusalimia. Tuliingia kanisani shangazi akilia kwenye maikrofoni: "Bwana, mtoe kijana wetu kwenye mawimbi!"

Kwa mazoea nikaitikia kwa nguvu: "Amina!"

Wote wakageuka. Mama alipoonyeshwa picha, akasema: "Bon, haya basi, amefika. Wapakulieni watu chakula. Yeye ndiye aendelee kufunga."