Siku Tuliyouchimba Uzio wa Bandari

Waliokuwepo siku hiyo nawataja mapema, asije mtu akajitoa baadaye akasema alikuwa safarini. Nilikuwepo mimi, Minza, mlinzi wa geti. Alikuwepo Mzee Bundala, mwenyekiti wa kamati ya ulinzi wa bandari yetu ndogo ya ziwani, upande huu wa Geita. Alikuwepo mdogo wangu Kulwa, mchimbaji, aliyekuja na pikipiki kutoka Kharumwa. Alikuwepo Mama Neema wa chai na maandazi. Alikuwepo mama mmoja mkaguzi kutoka wizarani, ambaye jina lake nalihifadhi kwa heshima (na kwa hofu). Na makuli, kama thelathini hivi, ambao walipoulizwa majina baadaye wote walikuwa Juma. Aibu tuligawana wote, lakini fungu kubwa ni langu, maana mimi ndiye niliyekuwa nimevaa sare.

Serikali ilikuwa imetoa ruzuku ya kuimarisha ulinzi wa bandari, na safari hii hata sisi wa maji baridi tulikumbukwa, si wale wa baharini peke yao. Awamu ya kwanza ikajenga uzio wa nguzo za chuma na waya kuanzia getini mpaka kwenye mawe ya ufukweni. Awamu ya pili ingeleta taa, kibanda cha walinzi, na mkataba wa kudumu kwa sisi tuliokuwa tunalinda kwa posho ya kubahatisha. Mkataba huo niliutaka kuliko kitu chochote. Kwetu mimi ndiye mkubwa. Wazazi walipofariki nilikuwa kidato cha pili, nikaacha shule, nikaosha vyombo kwa mama lishe pale Nyasubi, nikapitia mgambo, wadogo zangu wakala. Kulwa alikimbilia machimboni, lakini Shija, wa mwisho, amepata nafasi chuo cha uuguzi, na nilikuwa nimeshamwambia aende kwa fundi akapimwe sare kwa sababu dada yake ameajiriwa. Nilisema hivyo kabla ajira yenyewe haijaja. Ndivyo nilivyo.

Sasa, ili awamu ya pili itoke, mkaguzi alitakiwa aone walinzi wakipekua abiria kwa kile kifaa cha kutambua chuma, kifupi kama mwiko. Sanduku lake lilikuwa limefika wiki iliyotangulia, tukalifungua kwa shangwe, ndani mna chaja, kitabu cha maelekezo na mfuko wa kuning'iniza kiunoni, kifaa chenyewe hakimo. Mzee Bundala alilipindua akalitikisa kama mtu anayetafuta sukari ya mwisho. Ukaguzi ni keshokutwa. Hapo ndipo mimi, mtu wa darasa dogo na akili kubwa, nikasema mdogo wangu anayo ditekta ya kutafutia dhahabu, nayo inatambua chuma vilevile, tuiazime siku moja tu na mkaguzi tumweleze ukweli. Mzee akafikiri, akajibu, "Mradi inalia."

Kulwa aliileta imefungwa kanga kama mtoto mchanga, kwa sababu huku kwetu ukionekana na ditekta waziwazi watu wanakufuata hata chooni. Ningejiuliza basi, kitu kinachofichwa njiani, kikifika getini itakuwaje? Sikujiuliza.

Mkaguzi alifika saa nne, mama mpole mwenye viatu vyeupe. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza habari za sanduku, akacheka, akasema ataandika kuwa tumetafuta mbadala wa muda. Nikapitisha ditekta kwenye mkoba wake, ikalia kwenye funguo. Nikapitisha kwa Kulwa aliyejifanya abiria, ikalia kwenye kisu chake cha mfukoni. Mzee Bundala alitabasamu mpaka magego yakaonekana. Hadi hapo mkataba ulikuwa wangu.

Mkaguzi akaomba apekuliwe yeye mwenyewe, kichwa mpaka miguu. Kichwani kimya. Kiunoni kimya. Miguuni ikapiga kelele. Akavua viatu akaviweka chini ya nguzo, nikarudia, kelele ileile. Akasogea hatua moja kando ya uzio, kelele. Akasogea tena, kelele. Ditekta ya Kulwa haikuwa na habari na miguu ya mtu. Ilikuwa inasikiliza ardhi, kama ilivyozoea.

Makuli wakaacha kubeba. Nusu yao ni wachimbaji ambao mashimo yao yamejaa maji ya mvua na wanasubiri yakauke, na mlio ule wanaujua kuliko sauti za mama zao. Kulwa akanijia taratibu, hanitazami, anatazama chini, akasema kwa sauti ya mtu aliye kanisani, "Dada, hebu rudisha hapo."

Ningeizima. Kitufe kilikuwa chini ya kidole gumba changu. Nikarudisha. Ikalia, nikatembea nayo, ikanyamaza, ikalia tena, mstari ulionyooka kufuata uzio mpaka kwenye mawe.

"Huo ni mshipa wa dhahabu," Kulwa akasema.

Kwa msiojua rashi ilivyo: dhahabu ikifumuka mahali, huku hakuna anayesubiri karatasi; unaweka kitu chako chini, kofia, ndala, chochote, na hapo pameshapata mwenyewe. Basi ndala zikaruka. Sururu sijui zilitoka wapi. Mama Neema akatua birika la moto kwenye eneo lake na hakuna aliyethubutu kulisogeza. Mzee Bundala akaniambia, "Mwanangu, simama imara, tulinde mali ya umma," akazunguka nyuma yangu, na nilipogeuka alikuwa ameweka chini faili la ruzuku lenye mhuri, amechuchumaa kando yake kama kuku anayelalia mayai.

Na mimi? Nilivua kofia ya sare nikaiweka karibu na nguzo ya tatu. Akilini nilimwona Shija amevaa nguo zake nyeupe za uuguzi, nikaona mkataba ni kitu cha kusubiriwa na dhahabu iko hapa chini ya magoti yangu, nikachukua mfuniko wa sufuria ya Mama Neema nikaanza kuchimba uzio nilioletwa kuulinda.

Nguzo zikaanza kuinama, moja, mbili, kisha zikalala na waya wake. Boti ya saa tano ikafika, abiria wakashuka na magunia yao wakapita katikati yetu bila kupekuliwa na mtu, wengine wakitupa pole ya kazi, na wawili wakabaki kuchimba. Mkaguzi alikuwa amesimama peku pale pale. Akainama ili nimsikie.

"Samahani, binti. Geti analinda nani?"

Nikatazama getini. Alikuwepo mbuzi.

Wakati huo Kulwa akainua alichokipata: fundo la vipande vya waya na nati zenye kutu. Wa pili akapata hivyohivyo, na wa tatu. Mafundi waliojenga uzio walikuwa wametupia mabaki yao kwenye mashimo ya nguzo wakajazia mchanga mahali pa zege; ndiyo maana mlio uliufuata uzio, na ndiyo maana nguzo ziling'oka kama mihogo. Watu wakaanza kuokota ndala zao bila kutazamana. Makuli waliondoka na udongo kwenye viroba wakauoshe hata hivyo, huwezi kujua. Nguzo moja tu ilibaki imesimama, ile yenye viatu vyeupe chini yake, maana kila mtu aliamini mama yule amewahi eneo, na eneo la mtu haliguswi.

Mkaguzi alikaa kwenye benchi la Mama Neema, akanywa chai, akaandika. Mafundi warudi wausimamishe uzio kwa zege, na kabla haujasimama awamu ya pili haitoki. Kisha akaniita.

"Habari za sanduku ulinieleza kweli, kwa hiyo jina lako silifuti kwenye orodha ya ajira. Lakini haya mashimo ya kati ya nguzo si ya fundi, ni ya kwenu. Nikirudi nikikuta pamesawazika, mkataba nasaini."

Jioni nilimpigia Shija. Akauliza kama fundi aendelee kushona. Nikamwambia fundi akate kitambaa, vifungo visubiri.

Nimeapa ditekta haitavuka geti lile nikiwa zamu, hata aje nayo nani. Mashimo yalikuwa arobaini na moja, na kwa kuwa udongo wake uliondoka na viroba, wa kujazia naubeba kwa ndoo kutoka kilimani. Kulwa huja Jumapili kunisaidia, ingawa kabla ya kumwaga ndoo lazima kwanza achungulie. Leo nimefukia la kumi na tisa. Yamebaki ishirini na mawili, na hapo sijahesabu lile la Mzee Bundala, ambalo anasema hakulichimba yeye.