Vitabu vya Mapanga Katika Sanduku la Tomasi

Mwalimu Laurenti alikuwa mtu wa heshima zake. Alifundisha Kiingereza katika shule moja ya msingi ya Morogoro mjini, aliongoza kwaya, na suruali yake ilikuwa na mkunjo wa pasi hata kama umeme umekatika tangu jana. Ungesema kwamba mtu huyu anaficha vitabu vyenye mashetani ya pembe kwenye jalada, mtaa mzima ungekwambia uache uzushi. Lakini alikuwa navyo, na si kimoja.

Ilianza kwa karanga. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba inaingia kwa marobota, nguo na viatu na humo humo vitabu ambavyo watu wa Ulaya wamevichoka. Basi liliposimama Dumila, Laurenti alinunua karanga dirishani, na karatasi iliyozifunga ilikuwa na mchoro wa mtu mwenye upanga akipambana na joka, na chini yake jedwali la namba. Alisahau kutafuna. Akamwita muuzaji, akanunua kitabu kizima, au tuseme kilichobaki, maana kurasa za katikati zilikuwa zimeshaondoka na abiria wa Dodoma.

Kilikuwa kitabu cha mchezo. Watu wanakaa mezani, mmoja anasimulia mapango na majini, wenzake wanajifanya mashujaa na wachawi, na dadu zinaamua nani afe. Laurenti hakuwa na mtu wa kucheza naye. Alichokitaka ni zile kurasa zilizokwenda na karanga. Mwaka uliofuata akakipata kingine kwa wauza mitumba, akakuta ni toleo la baadaye na mambo hayalingani. Upanga uliokuwa ukiua kwa pigo moja, huku umepunguzwa nguvu. Mashetani yaliyotajwa kwa majina katika toleo la kwanza, katika la pili yamepewa majina mengine, kwa kuwa, dibaji ilisema, wazazi wa huko kilikochapwa walilalamika. Hapo ndipo aliponasa. Akatafuta la tatu, akatafuta la nne. Walimu wenzake walifuga kuku wa mayai na kufungua vioski. Yeye alijifungia ndani na rula na penseli, akilinganisha nguvu za wachawi.

Aliyejua ni mmoja tu, Tomasi, fundi baiskeli aliyepanga chumba mkabala na chake.

"Kaka Laurenti, si ni kitabu kile kile?" Tomasi aliwahi kumuuliza.

"Si kile kile hata kidogo," alisema Laurenti, akaanza kueleza. Tomasi akasinzia akiwa amekaa. Lakini alikuwa na roho nzuri, na kwa kuwa wanakwaya walikuwa wakiingia chumbani kwa mwalimu kama kwao, alikubali vitabu vikae kwenye sanduku lake la bati, chini ya nguo.

Kisha malaria ikampanda Tomasi kichwani, na hospitali haikuwahi. Ndugu zake walishuka kutoka milimani, upande wa Matombo, kuja kuchukua mwili. Laurenti alihangaika na jeneza na sanda kama ndugu wa damu, na hilo apewe haki yake. Alipokumbuka sanduku, lilikuwa limeshapakiwa kwenye gari na mjomba wa marehemu amelikalia. Angeweza kusema neno. Lakini kwaya ilikuwa imesimama pale pale ikiimba, na yeye ndiye aliyekuwa akiiongoza.

Huko juu, ambako Laurenti naye alipanda na wafiwa, siku ya kuanua matanga ilikuwa siku ya watani wa ukoo, wenye ruhusa ya kutania hata msiba. Mwaisha, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita mtu bonde la pili, alivaa koti la Tomasi lililojaa grisi akaigiza marehemu anavyojaza upepo, anavyofuta jasho, anavyomdanganya mteja kwamba kesho baiskeli itakuwa tayari. Watu walilia na kucheka kwa mkupuo. Ndipo akaliburuta sanduku uani.

"Mtani wangu alikuwa tajiri, msimwone vile! Njooni mkomboe mali!" Akatupa shati, akatupa suruali. Mkono wake ukatoka na kitabu, halafu kingine. Kwenye jalada kulikuwa na dude lenye pembe, na mbele yake mwanamke aliyevaa kidogo sana.

"Haa! Na haya madude ni ya nani?" Mwaisha akauliza akivipeperusha juu. "Mwenyewe ajitokeze, nitamtoza kuku tu!"

Mlango haukuwahi kufunguliwa wazi kuliko pale. Mtani akikuuliza, hata la aibu linageuka kicheko. Laurenti angesema "ni vyangu" angezomewa, angetoa kuku, na kesho yake watu wangeendelea na shughuli zao. Ndiyo kazi ya utani. Lakini katekista wa kijiji alikuwa amemgeukia.

"Mwalimu, wewe unajua Kiingereza. Hebu tuambie."

Laurenti akakipokea kitabu alichokijua mstari kwa mstari, akakifungua kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kukiona.

"Ni mambo ya uchawi uchawi," alisema. "Vilikuwa vya marehemu."

Hakuna aliyeuliza fundi baiskeli asiyejua Kiingereza alivitakia nini. Watu walikuwa wameshaona pembe. Ila mama yake Tomasi, Bi Eufrazia, aliinuka mkekani alipokuwa ameketi na wafiwa, akavichukua vitabu mkononi mwa Mwaisha na mwa Laurenti kimoja kimoja, akavifunga kwenye khanga yake.

"Mwanangu hakuwa mchawi," alisema. "Kama alivipenda, nitavitunza mimi."

Baada ya miezi miwili Laurenti alipanda na kilo mbili za sukari kumpa pole. Hivyo ndivyo alivyojidanganya njia nzima. Ukweli ni kwamba alivitamani vitabu vyake, na alikuwa akipanga namna ya kuviomba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Afadhali umekuja. Wewe ulikaa naye. Hebu nionyeshe alichokuwa anakiona humu."

Wakaketi mkekani. Akamsomea kwa Kiswahili, na mama akasikiliza, akauliza joka linakula nini, mchawi amefunzwa na nani. Laurenti akajikuta anaeleza toleo hadi toleo, moyo umechangamka, maana katika maisha yake hakuwahi kupata mtu wa kumsikiliza namna ile.

"Kwa hiyo Tomasi alijua kwamba hili la kwanza ndilo kali zaidi?"

"Alijua, mama."

Alishuka mlima akijichukia. Akarudi tena, na tena, na kila mara akamwongezea marehemu elimu. Yule kijana aliyekuwa akisinzia sasa alikuwa msomi wa matoleo yote.

Safari moja aliona ndizi mikungu mitatu zinaiva zikioza kibarazani. Bi Eufrazia alilisema kama jambo dogo tu: wachuuzi wanapita moja kwa moja siku hizi, na jumuiya ya kanisa nayo imeruka zamu ya kusali nyumbani kwake. Wanasema nyumba ina vitu.

"Nimewaambia vitabu havitoki," alisema. "Ndivyo nilivyobakiwa navyo vya kunionyesha kichwani mwake mlikuwa na nini."

Laurenti akasikia aibu ikimpanda mpaka masikioni, ile ya mtoto aliyejikojolea mbele za watu. Akaitazama suruali yake iliyonyooka, akaichukia nayo.

"Mama," alisema, "vitabu ni vyangu. Vilikuwa kwa Tomasi kwa sababu mimi niliona haya. Siku ile niliogopa watu, nikamsingizia."

Bi Eufrazia akageukia vitabu. Akavivuta, akavipanga mkekani kwa utaratibu aliofundishwa, la kwanza, la pili, la tatu, la nne.

"Vyote?"

"Vyote, mama. Nitasema mbele ya jumuiya. Nitasema kanisani."

"Utasema, ndiyo," alijibu, lakini hakuwa akimsikiliza. Alipitisha kiganja juu ya majalada, taratibu. "Basi cha Tomasi ni kipi?"

Laurenti akafungua mdomo. Uongo mmoja tu ulitosha, na ungekuwa wa huruma, na alikuwa na uzoefu.

"Hakuna, mama."

"Hata hiki kidogo?"

"Hata hicho."

Bi Eufrazia akavisukuma vyote upande wa mwalimu, bila hasira. Laurenti alingoja atukanwe, na kama angetukanwa angeshukuru. Bi Eufrazia aligeuka akalifungua sanduku la bati la mwanawe, akainama, akaanza kupapasa chini kwa mikono miwili, mpaka kwenye pembe zake.