Chumvi ya Wageni

Katungu aliizoea sauti ya kidole cha jirani yake kabla hajauzoea uso wake. Jirani huyo, mfugaji wa samaki pale Vulamba, hakuwahi kumwaga samaki wapya moja kwa moja bwawani. Aliwatenga kwanza ndani ya pipa, akawatilia chumvi iwe dawa yao, wasije wakaambukiza wengine, hata vita vilipofunga barabara na watu wakala sombe, yaani kisamvu, isiyo na chumvi. Dawa hiyo ilimpasua mikono. Kila asubuhi aligonga pipa kwa kidole kimoja, polepole, akatega sikio kama wako tayari kutolewa, kisha akanong'ona: "Bado."

Binti yake aliporudi kutoka msituni, kwa wapiganaji waliokuwa wamemchukua, mfugaji huyo hakumwingiza nyumbani. Alimfungia ndani ya depo, ghala lake la vifaa, akamwaga chumvi mlangoni.

"Papa, ule ni mutoto yako, hapana samaki!" Katungu alimaka.

"Mama, benye kutoka mbali banakujaka na kitu," alijibu bila kupandisha sauti. "Na mu nyumba muko batoto bengine."

Akagonga mlango kwa kidole kimoja, polepole, akatega sikio. Samaki hawakuwahi kumjibu. Lakini ndani ya depo kidole kimoja kikagonga vilevile, na sauti ya binti ikanong'ona:

"Bado."