Wali wa Dunguni

Nikiri sasa: kwa miezi kadhaa nimekana kwamba wali ni sukari. Daktari aliponiambia nina kisukari nilikaribia kumgombeza, maana chai nainywa bila sukari tangu chuo kikuu, tena kwa maringo. Nesi wa kliniki akanipa miezi mitatu: nibadili chakula, sukari isiposhuka nitaanza sindano. Aliponiuliza kuhusu wali nikajibu, "Nakula kidogo." Sikumweleza kwamba kidogo cha Rufiji kina kilele.

Muda ulipotimia nilitoa damu ya kupimwa, nikashuka Kibiti kwa shangazi kusubiri majibu. Nilimkuta akitwanga mpunga mpya. Harufu ile, rafiki yangu, usiombe ikukute na masharti ya daktari.

Utotoni, kila msimu wa mpunga, bibi alinichukua tukahamia bondeni kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Tuliishi dunguni, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti ili mafuriko yapite chini. Tangu alfajiri mpaka ndege walipokwenda kulala sikuruhusiwa kushuka. Nilipiga debe, nikavurumisha kombeo, nikapiga kelele hadi koo likakauka. Nilikuwa mfungwa, ila mfungwa aliyeshiba: wali wa nazi kwa kambale wa kukausha, mchana na jioni, ukinukia moshi. Sheria ya dungu ilikuwa moja tu, mwamiaji habakizi. Nikiacha punje mbili, bibi aliinamia sahani na kuuliza, "Kumbe ulikuwa unawalindia ndege?" Nikazilamba.

Yeye mwenyewe hakutulia. Alishuka ngazi kila mara, mara kiu, mara haja. Kidonda cha mguuni hakikupona, sote tukasema ni mwiba wa mtoni. Leo mwiba ule naujua jina, na bado mkono wangu haujui kuacha nusu sahani.

Bibi hayupo. Dungu letu halina hata nguzo, mto ulilichukua. Wajukuu wa shangazi hawaamii, wako shule, na ni haki yao. Kilichobaki kizima ni ile sheria, nami nimo ndani yake, na ngazi siioni.

Juzi, tukiwa jikoni, nesi akapiga. Simu yangu husikika mpaka kwa jirani.

"Mama, majibu yako ninayo hapa. Hebu niambie kweli, jana mchana ulikula nini?"

"Mchicha," nikaanza, "na samaki, na..."

"Wali!" shangazi akapaza sauti huku akikuna nazi. "Mwambie wali, tena ukaongeza! Umesoma mpaka chuo kikuu, mwanangu, kusema wali tu kunakushinda?"

Nesi akacheka, kisha kicheko kikakatika.

"Haijashuka, mama. Imepanda. Njoo Jumatatu nikufundishe kujichoma sindano." Kisha akaongeza: "Na huyo aliyesema kweli, njoo naye."