Nani Anafungua Chupa za Jamu

Jirani yangu tunamwita Mama Chupa, na simsengenyi, maana mwenyewe huitikia. Mimi ni fundi cherehani. Ukuta mmoja tu unatenganisha cherehani yangu na jiko lake, kwa hiyo mengi ya kule nayajua bila kuuliza.

Mumewe alifariki kwa kisukari. Tangu hapo sukari haikanyagi nyumbani mwake. Jamu yake ni mapera, nanasi na ndimu kidogo, basi. Huchemsha asubuhi nzima, mpaka mwiko ukipita chini ya sufuria unaacha njia. Huimimina ingali moto kwenye chupa safi, akazifunga, akazichemsha tena na vifuniko vyake. Zikipoa, kila kifuniko hubonyea katikati. Ni kazi safi, hilo simnyimi.

Mwaka huu mwanawe wa pekee alioa, akamleta mke nyumbani. Haukupita mwezi, jamu ikaanza kuchacha. Chupa kumi na mbili zikatoa povu na harufu ya pombe.

"Kuna mkono humu ndani, fundi," aliniambia. "Kabla hajaja huyu, jamu yangu ilikaa miezi."

"Labda vifuniko vimechoka, dada."

"Vifuniko! Nani anaosha chupa? Si yeye?"

Nami, Mungu anisamehe, nikaanza kumchunguza yule binti. Nilimwona siku moja akitoka jikoni na kijiko, nikasema moyoni: ndiye. Kijiko tu, na nikamhukumu.

Mama Chupa akafunga jiko kwa kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Chupa zikachacha vilevile. Akasema mkwewe amechonga ufunguo wa pili, tena akalisema mezani, mbele ya mwanawe. Kijana hakufoka. Kesho yake alihama na mkewe, na nyumba ikabaki na mtu mmoja.

Wiki iliyofuata niliingia kwake kurudisha sufuria, nikasikia pap! Halafu pap! nyingine. Alikuwa amesimama mbele ya rafu, kifuniko mkononi.

"Unafanya nini, dada?"

"Nakagua. Nafungua, nanusa, naonja kwa ncha ya kijiko, nafunga. Kila siku, tangu yule aingie humu."

"Chupa zote?"

"Zote. Nitajuaje kama hazijaguswa?"

Nilihisi hasira ikinipanda, nusu kwake, nusu kwangu. "Dada, jamu hii haina sukari ya kuilinda! Kinacholinda ni kifuniko kilichobonyea. Ukishakifungua, hewa imeingia. Si wewe uliyenifundisha?"

Alikaa kwenye ndoo bila kuangalia kama ina maji. Kisha akachukua simu, akampigia mwanawe kwa spika. Aliyepokea ni mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Nilidhani atauliza habari za afya kisha akate, maana namjua kwa kiburi. Lakini akasema, "Mwanangu, aliyekuwa anafungua chupa ni mimi. Nisamehe. Rudini nyumbani."



"Nilijua, mama," yule binti akasema. "Nilikuwa nakusikia kila siku. Niliogopa kukwambia, ungesema nakupeleleza."