Ngoja Nibadili Nguo

Mume wangu Huzefa ana studio ya picha za pasipoti pale Usagara mjini, na siku hizi kuta zake zinamchosha. Anataka kuwapiga watu picha wakiwa kazini, kama walivyo. Nani kamwambia watu wanataka kuonekana kama walivyo?

Maonyesho ya picha za pwani yalikuwa yanapokea kazi mpaka magharibi ya Jumamosi. Huzefa alitaka kupeleka picha moja tu: Bi Saleha wa Tongoni akisuka ukili, ule utepe wa majani ya miyaa unaoshonwa kuwa mkeka. Lakini kila akiinua kamera, Bi Saleha anausukumia ukili uvunguni mwa kitanda cha barazani, anaingia ndani, anarudi na gauni la harusi ya mjukuu, anakaa kwenye kiti cha plastiki na kununa.

"Bibi, shika ukili japo kidogo."

"Picha na kazi wapi na wapi, mwanangu?"

Huzefa alikaribia kulia. Jumamosi alasiri tukaenda wote Tongoni, na bibi akiwa hana habari, Huzefa akampiga picha kupitia ua wa makuti. Kanga imepauka, mwaa umebanwa kwa meno, vidole vinakimbia. Nilipoiona nikamnyang'anya kamera niitazame tena. Kwa adabu, Huzefa akaenda kumwonyesha.

Uso wa bibi ukabadilika. "Na kanga ya jikoni! Mamako ungempiga hivi, watu wamuone?"

"Ningempiga, Bibi."

"Haya, nenda kampige. Ukiniletea picha yake ya hivyo, na hii yangu nakuruhusu."

Tukarudi mjini mbio, Huzefa akicheka peke yake. Mama mkwe, Rehmatbai, alikuwa akikaanga bhajia, unga mpaka viwikoni. Huzefa akainua kamera.

"We! Una wazimu?" Mama akaiziba lenzi kwa kiganja chenye unga. "Ngoja nibadili nguo."

"Mama, hivyo hivyo, nakuomba! Muda unakwisha."

"Nikifa watu wanikumbuke na moshi?" Akazima jiko, akaenda zake.

Huzefa akaipiga meza teke. Akasema watu wa pwani hawatapigwa picha ya kweli mpaka kiama. Nikamuuliza mbona sebuleni iko picha yangu ya harusi, na ya mimi nikifua haipo.

Magharibi ikaadhiniwa. Akaitazama sana ile picha ya Bi Saleha, kisha akaifuta.

Mama akatoka na rida yake ya sikukuu, lile vazi la stara la vipande viwili, na dhahabu zote, akakaa, akanuna.

"Haya," akasema, "sasa nipige."